Shajara ya mradi: Mbao nane za miaka ya chuo ya Rosemary Karuga

Mei: kuamua kinachoingia ubaoni

Mradi wenyewe ni mbao 8 za maonyesho ya kuzunguka, pamoja na sanduku moja la mazoezi. Zitaanza kwenye shule za sekondari za Mtwara mjini, ziende Mikindani, kisha Lindi. Mada ni finyu kwa makusudi: 1950 hadi 1952, miaka ambayo Rosemary Karuga alisoma sanaa Makerere, Kampala, akiwa mwanamke wa kwanza kuingia shule ile ya sanaa.

Karuga alizaliwa Meru, Kenya, 1928. Alipomaliza chuo alirudi Kenya akashika chaki kwa miaka mingi. Jina lake lilianza kusikika baada ya 1987, alipokaa Paa ya Paa, kituo cha sanaa jijini Nairobi, kama msanii mwalikwa na kutoa picha za kubandika vipande vya karatasi, zile zinazoitwa kolaji. Kwa sababu hiyo wanaomwandika wengi hurukia uzeeni moja kwa moja. Rasimu ya kichwa cha maonyesho nayo iliangukia mtego huohuo, ikasema alianza sanaa akiwa bibi. Imefutwa. Mtu aliyesomea usanifu wa mapambo, uchoraji wa rangi na uchongaji akiwa na umri wa miaka ya ishirini hakuanza uzeeni; alikatizwa na kazi, kisha akaendelea. Mbao zote 8 zimepangwa kuonyesha hilo.

Mpangilio umekaa hivi. Ubao wa 1 ni baraza la nyumba ya Margaret Trowell, mwalimu wa sanaa Mwingereza, Kampala, 1937, alikoanzishia darasa lililokuja kuwa shule ya sanaa ya Makerere. Wa 2 ni wanawake kuingia Makerere. Wa 3 ni ramani. Wa 4 na wa 5 ni darasa lenyewe: kuchora kwa kusikia, kisha udongo, rangi na mapambo. Wa 6 ni miaka ya ualimu. Wa 7 ni Paa ya Paa na makaratasi ya sabuni. Wa 8 ni Harlem, New York, 1990, ambako jumba la sanaa la Studio Museum lilionyesha wasanii 9 wa Afrika, El Anatsui na Bruce Onobrakpeya wakiwamo, na mwanamke kati yao akawa Karuga peke yake.

Ubao wa 6 una maneno machache kuliko yote na utabaki hivyo. Kuujaza picha za darasa lolote la zamani ili uonekane umeshiba ni kumdanganya mtazamaji.

Juni: ramani na tarehe

Mwanafunzi wa Mtwara akisoma “1950, Kampala” haoni kitu. Kwa hiyo ramani ya ubao wa 3 imefungwa kwenye jambo ambalo wazee wa hapa bado wanalisimulia: karanga. Miaka ileile Karuga yuko chuoni, Waingereza walikuwa wanajenga bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea kwa ajili ya mpango wa karanga, mpango uliotupwa 1951. Bandari ipo mpaka leo, reli iling’olewa. Mstari mmoja wa wino mwekundu unatoka Meru kwenda Kampala, na mwingine mweusi unatoka Mtwara kwenda Nachingwea. Chini yake yote miwili kuna tarehe zilezile. Hakuna maelezo zaidi na hayahitajiki.

Jambo la pili la ramani ni kuonyesha kwamba wakati ule aliyetaka elimu ya ngazi ya chuo kikuu ndani ya Afrika Mashariki, awe wa Tanganyika, Kenya, Uganda au Unguja, alikwenda Makerere. Sam Ntiro wa Kilimanjaro alisoma huko miaka ya 1940. Elimo Njau, naye wa Kilimanjaro, aliingia 1952, mwaka ambao Karuga anamaliza. Huyu Njau ndiye aliyekuja kuwa mmoja wa waanzilishi wa Paa ya Paa, 1965. Ukiweka mbao za 3 na 7 karibu, mtazamaji anaona mwenyewe kwamba mlango aliorudia Karuga mwaka 1987 ulifunguliwa na mtu wa chuo chake.

Ubao wa 2: wanawake 6 wa kwanza waliingia Makerere 1945. Kabla yao wito wa chuo ulikuwa “Tuwe wanaume”, na baada yao ukabidi ubadilishwe. Watazamaji wa jaribio walisimama hapo kuliko mahali pengine popote, wasichana hasa.

Tahadhari kwa atakayeandaa maonyesho kama haya: Karuga huchanganywa na Theresa Musoke wa Uganda. Musoke alisoma Makerere miaka ya 1960, na ukutani kwenye bweni la wanawake la Mary Stuart kuna mchoro wake. Ukiandika tu “mchoraji wa kike wa Makerere”, picha utakazotafutiwa na msaidizi zitakuwa za Musoke nusu nzima.

Juni, mwishoni: mbao

Plaiwudi ya milimita 6. Shiti moja ni sentimita 122 kwa 244, na ukikata vipande vya 60 kwa 80 unapata 6, huku sentimita 2 upande mmoja na 4 upande mwingine zikiliwa na msumeno na kunyoosha kingo. Kwa mbao 8 unanunua shiti 2. Vipande 4 vinavyobaki vinakuwa mbao za kuegemea za sanduku la mazoezi. Kipande kimoja kina uzito wa kilo moja na nusu hivi, kwa hiyo mwanafunzi mmoja anabeba viwili bila shida.

Usichukue shiti iliyoegemezwa ukutani dukani, hiyo imeshapinda. Omba iliyolazwa. Piga kingo kwa kidole cha gumba: ikitoa sauti ya utupu, gundi ya ndani imeachia, na unyevu wa pwani utaifungua kama kitabu kabla ya masika kwisha.

Misumari ya kawaida haifai kabisa Mtwara. Hewa ya chumvi na maji yaliyomo kwenye gundi ya wanga hutoa kutu ndani ya muda mfupi, na kutu hupenya karatasi ikaacha duara la kahawia kila penye msumari. Tumia skrubu za shaba, au za zinki, na kabla ya kubandika karatasi tone la vanishi juu ya kila kichwa.

Julai: gundi

Gundi ya dukani ingekula bajeti, na mihogo huku haijawahi kuwa tatizo. Wanga hutengenezwa hivi: menya, osha, kuna kwa mbuzi ya bati, changanya na maji mara tatu ya ujazo, kamua kwa kitambaa chepesi ndani ya ndoo, acha saa 6 mpaka usiku kucha. Maji ya juu yanamwagwa taratibu, wanga mweupe unabaki chini umekamatana. Rudia kuosha mara mbili, kisha anika kwenye sinia. Kilo 5 za mihogo iliyomenywa hutoa kati ya gramu 700 na kilo 1 ya wanga mkavu. Ukitumia mihogo michungu, maji ya kukamulia yamwagwe shimoni, mbali na mbuzi na kuku.

Kupika: gramu 100 za wanga kwa lita 1 ya maji. Koroga wanga kwenye maji baridi mililita 200 mpaka usione punje. Chemsha mililita 800 zilizobaki, punguza moto, mimina ule mchanganyiko huku unakoroga upande mmoja bila kusimama. Unaanza mweupe kama tui, halafu ghafla unakuwa wa kioo na mwiko unakuwa mzito. Hapo ipua. Ukiuacha jikoni dakika nyingi zaidi hauzidi kuwa na nguvu, unalegea na kuvutika kama bamia, na karatasi itateleza ubaoni.

Ongeza mafuta ya karafuu, matone 10 kwa lita. Yanachelewesha kuchacha na mende hawayapendi. Hata hivyo gundi ya wanga ni ya siku 2, ikizidi sana 3; ikinuka kama togwa iliyopitiliza, mwaga. Mrututu ungeitunza zaidi, ila ni sumu, na sanduku hili litashikwa na watoto. Kuna waliopendekeza salfa ya mikorosho kwa ajili ya wadudu. Haifai: unga wake unawasha macho na unatia karatasi rangi ya njano isiyotoka.

Ubao mmoja unakula robo lita, mbele na nyuma.

Hiyo nyuma ndiyo inayosahaulika. Karatasi ikilowa inatanuka, ikikauka inajikunja na kuvuta ubao. Ukibandika upande wa mbele tu, plaiwudi ya milimita 6 inapinda kwa urefu, ncha zikaachana na ukuta kwa upana wa vidole viwili. Kama alivyosema fundi seremala, “Mwalimu, ubao ukivutwa huku, na huku nako uvutwe.” Bandika nyuma karatasi ya uzito uleule, siku ileile, kisha kausha ukiwa umesimama wima kivulini ili upepo upite pande zote. Kusi ya Julai inakausha kwa nusu siku. Juani usiweke.

Kwa nyuma tunatumia mifuko ya saruji ya karatasi, ile yenye tabaka. Tabaka la ndani lina vumbi linalochoma ngozi, kwa hiyo kung’uta nje ukiwa umevaa barakoa, futa kwa kitambaa kibichi, na tabaka lililogusana na saruji usilitumie.

Maandishi ya mbele: printa ya leza au fotokopi, basi. Wino wa printa za maji unachuruzika gundi inapougusa. Ukiwa na wasiwasi na stationari uliyoendea, lowesha kidole, pitisha kwenye herufi moja ya pembeni. Ukubwa wa herufi ni 24 kwa maelezo, 72 kwa kichwa, na maneno yasizidi 90 kwa ubao. Mwanafunzi anasoma amesimama, nyuma yake kuna foleni.

Agosti: ubao wa 4 na darasa la kusikia

Hapa ndipo mradi ulipo hasa. Trowell alisomea shule ya sanaa ya Slade, London, na baadaye ualimu, ambako alipitia mikononi mwa Marion Richardson, mkufunzi wa walimu wa sanaa. Kwa Richardson alichukua njia ya kumsimulia mwanafunzi tukio kwa maneno, mwanafunzi akiwa amefumba macho, mpaka picha ikae kichwani. Ndipo anachora, bila kuwekewa kitu cha kunakili mbele yake. Kampala masimulizi yakawa ya sokoni, shambani, nyumbani, na ya Biblia pia, maana Trowell alikuwa mtu wa dini. Picha za Ulaya aliziweka mbali na wanafunzi ili wasizifuate.

Njia hii ina walioisifu na walioikosoa, na ubao unasema yote mawili. Ilimpa mwanafunzi ruhusa ya kuona kijiji chake kama mada ya sanaa. Lakini pia mwalimu mmoja wa Kiingereza ndiye aliyekuwa anaamua kipi cha Kiafrika cha kutosha na kipi hapana. Trowell alipoondoka 1958, mrithi wake Cecil Todd aliufungua mlango aliokuwa ameufunga, akafundisha historia ya sanaa ya Ulaya. Karuga ni wa zama za kwanza, na kazi zake za uzeeni, zilizojaa maisha ya kijijini, zinaonyesha hivyo waziwazi.

Zoezi la sanduku linafuata hatua zile. Msimuliaji anachukua dakika 4 hadi 5. Kimya dakika 2, macho bado yamefumbwa. Halafu brashi moja kwa moja, hakuna penseli, hakuna kifutio. Dakika 40.

Simulizi iliyofanya kazi vizuri kuliko nyingine ni ya wabanguaji wa korosho: nani amekaa wapi, moshi unaelekea upande gani, mikono imepakwa majivu kwa sababu ya mafuta ya ganda, mtoto amelala juu ya gunia, kuku anapita alikokatazwa. Taja mahali vitu vilipo na vinafanya nini. Usitaje rangi. Ukisema “gunia la kahawia” magunia yote 30 yanatoka ya kahawia. Usiposema, linatoka la zambarau, la kijani, jekundu, na hapo ndipo unapoona nani ana jicho.

Simulizi fupi mno huzaa picha ile inayojulikana kila shule: nyumba, milima miwili, jua katikati, ndege wa herufi M. Mtwara haina milima miwili ya hivyo. Picha ya namna hiyo ikitokea kwa wengi, kosa si la wanafunzi, simulizi ilikuwa na njaa. Panga meza mgongo kwa mgongo, maana macho yakifunguliwa huenda kwanza kwa jirani. Simu zote mfukoni.

Wavulana wachache huuliza kama wanaweza kuchonga badala ya kupaka rangi. Kwenye nchi ya vinyago swali hilo lina haki yake. Wapewe udongo wa mfinyanzi, simulizi ileile. Karuga naye alisomea uchongaji. Mpingo hapana: ni ghali, na kisu kinateleza.

Agosti, mwishoni: rangi

Nyekundu ni udongo wa Makonde, wa barabara ya Newala. Saga, chekecha kwa chachi iliyokunjwa mara mbili, weka kwenye maji, acha mchanga utulie sekunde 30, mimina maji yenye rangi kwenye chombo kingine na uyaache yakauke. Kinachobaki ni laini kama poda. Nyeusi ni masizi ya kibatari au mkaa uliosagwa. Nyeupe ni chokaa iliyozimwa zamani. Ile mbichi inachoma. Bluu haipatikani ardhini hapa, inanunuliwa ya unga.

Vijiko 2 vya rangi kwa kijiko 1 cha gundi ya wanga, maji mpaka ifanane na uji mwepesi. Gundi ikipungua, picha iliyokauka inaacha unga kidoleni kama chaki. Ikizidi, inapasuka na kubanduka magamba. Jaribu kwenye ukingo wa karatasi, kausha, sugua.

Kwa ubao wa 5 kuna pia miraba ya mapambo. Trowell aliwahi kuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda, na ufundi wa nyumbani, vikapu, vyungu, nguo za magome, ulikuwa sehemu ya mafundisho yake. Hapa tumechukua mkeka wa miyaa: mwanafunzi anatoa umbo moja tu kwenye ukili, analichora kwenye mraba wa sentimita 10, analirudia mara 9. Wengi huchora mkeka mzima. Waambie wahesabu miyaa inapita juu ya mingapi kabla ya kuzama chini, halafu ndiyo wachore.

Septemba: ubao wa 7, makaratasi

Karuga alitumia makaratasi ya sabuni ya Rexona na mifuko ya unga kwa sababu vifaa vya sanaa vilikuwa shida kupata. Zoezi linaonekana rahisi mpaka uende dukani leo. Sabuni nyingi zimefungwa kwa plastiki. Unga wa kilo 25 uko kwenye kiroba cha sandarusi, ambacho gundi ya wanga haikishiki hata kidogo. Kinachofaa: mfuko wa karatasi wa unga wa kilo 1 au 2, maboksi ya majani ya chai na dawa ya meno, magazeti, kalenda za mwaka uliopita. Kipimo ni kurarua. Karatasi huacha ukingo wenye nyuzinyuzi nyeupe. Plastiki hunyooka, ikang’aa, ikakataa.

Ule ukingo mweupe una kazi. Kipande kilichokatwa kwa mkasi kinakaa kimya kando ya mwenzake. Kilichoraruliwa kinaleta mstari mwembamba wa mwanga, na vikiwa mia mbili, mgongo wa ng’ombe unaanza kuwa na manyoya. Vipande viwe vya milimita 5 hadi 20. Tenga kwanza kwa weusi na weupe wa rangi, kwenye vifuniko vya ndoo, siyo kwa majina ya rangi. Panga bila gundi, finya macho kutoka hatua 3, ndipo ubandike, ukianza na ukingo wa umbo na kuingia ndani. Ukianzia katikati, vipande vya mwisho havitatosha na utaanza kukata vya kujazia. Vinaonekana hata kwa asiyejua.

Boksi la majani ya chai ni nene. Liloweshe dakika 10, bandua tabaka la juu lenye rangi, tupa la chini. Lisipobanduliwa, kona zake hunyanyuka baada ya wiki na mende huingia chini kula wanga.

Juu ya kila kitu, pako moja la gundi nyeupe ya seremala iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Inazuia mende. Ila joto linailainisha, jambo lililoonekana kwenye jaribio la kwenda Mikindani: mbao mbili zilizofungwa uso kwa uso ndani ya bajaji saa nane mchana ziligandana, na kuzitenganisha kukang’oa karatasi ya kona. Sasa kila ubao una vijiti vya sentimita 1 kwenye kona nne, na kati ya mbao kipande cha kanga kuukuu.

Kazi za wanafunzi zinaandikwa “zoezi”, na jina la kwanza la aliyefanya. Hazinakili picha yoyote ya Karuga wala haziandikwi “kwa mtindo wa Karuga”. Hakimiliki ya kazi zake bado hai; alifariki Februari 2021, huko Ireland, na kuchapisha picha zake bila ruhusa kwa sababu tu zipo mtandaoni siyo elimu.

Oktoba: hali ilivyo

Mbao 1 hadi 5 na ubao wa 8 zimekamilika. Wa 7 unarudiwa kona iliyong’oka: lowesha sehemu ile tu kwa sponji, chana kingo zake zisiwe na mstari ulionyooka, bandika kiraka kilichoraruliwa, weka uzito usiku mmoja. Ubao wa 6 unasubiri karatasi ya nyuma.

Zinapotundikwa, katikati ya ubao iwe sentimita 135 kutoka sakafuni kwa wanafunzi, 145 kwa ukumbi wa watu wazima. Zisiguse sakafu wala ukuta wa udongo, mchwa hawaulizi. Kwenye baraza za Mikindani, upande wa baharini unapigwa na upepo wa jioni, kwa hiyo kamba iwe mbili kwa kila ubao na fundo la chini lifungwe pia.

Lindi inapangwa kabla ya mvua za Desemba. Sanduku litakwenda na wanga mkavu gramu 600, rangi ya unga vikopo 4, brashi 30, mifuko ya unga iliyokwisha kuchaguliwa, na simulizi 3 zilizoandikwa: ya korosho, ya kuanika dagaa, na ya kuvuna chumvi. Hiyo ya chumvi bado inataja rangi mahali pawili, panafutwa wiki hii.